Nusu Pointi

Tukuyu, Novemba. Mvua haina haraka,
imeshusha mzigo wake kibarazani kwetu,
imekaa.
Ndani, karatasi zinajikunja pembe kwa unyevu
na Ndimbumi, anayekata kwa gilotini,
anazianika juu ya friji la soda
kama usipa wa Matema.

Miaka kumi na mitatu nimepanga vyeti hivi kwa mkono:
bofya boksi, futa jina la mwaka jana,
andika jipya, vuta kulia, rudisha kushoto.
Vyeti mia tatu na kumi na viwili. Mikesha mitatu.
Kiganja changu kimeota sugu
mahali kipanya kinapolalia.
Watoto wa sekondari ile niliwajua kwa herufi tu:
huyu ana w mbili,
huyu ana kistari,
huyu baba yake hakuandikwa.

Mwaka huu nikasema basi.
Kila jioni baada ya kufunga duka
nikaandika amri, mistari arobaini na miwili,
nikibahatisha kama anayefungua kufuli la mwenzie:

Fungua kiolezo. Soma orodha, jina la kwanza.
Liweke katikati, chini ya nembo, juu ya saini.
Likizidi boksi, punguza herufi nusu pointi.
Bado limezidi? Punguza tena.
Rudia hadi likae.
Nenda kwa anayefuata.

Nikabonyeza, nikaenda kuchemsha maji.
Birika halijaanza kuimba,
vyeti vyote vimekwisha,
vimenyooka kama mistari ya chai kule Katumba.
Nilicheka peke yangu. Saa tatu nimeshalala.
Mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Siku ya nne baada ya mahafali
akaingia mama mmoja, mwavuli wake umekataa kufunga,
cheti kiko ndani ya nailoni, nailoni ndani ya mfuko wa sukari.
Akakiweka mezani. Akanyamaza kwanza.
Kisha:
"Eva Sanga ni jirani yetu.
Jina lake nimelisoma nikiwa mlangoni kwao.
La mwanangu nimelitafuta.
Mbona mmemwandika kwa kunong'ona?"

Nikavaa miwani.
Anyelwisye Tupokigwe Mwakasungula.
Pointi kumi na moja na nusu.
Eva Sanga alikuwa ishirini na nane.

Hakuna herufi iliyokosewa. Mashine ilinitii.
Ilimpunguza nusu, ikampima, ikampunguza nusu,
mara thelathini na tatu,
bila hasira, bila mimi kuwepo,
nami nasubiri maji yachemke.
Mkono wangu wa zamani, pamoja na uvivu wake,
ungefika mara ya nne ukaona haya,
ukasogeza nembo juu, ukavunja mstari,
ukampa msichana mahali pa kukaa.

Nilitaka kumweleza mama habari za boksi.
Nikaona viatu vyake, tope la Lwangwa hadi kwenye kifundo.
Nikasema, "Karibu kiti. Chai ipo."

Mstari wa ishirini na tisa nikaufuta.
Nikaandika: jina likizidi boksi, panua boksi.
Bado limezidi? Shusha saini ya mkuu wa shule,
yeye anajulikana.

Walionong'onwa walikuwa kumi na tisa.
Nimewachapa upya kwa karatasi yangu, wino wangu,
Ndimbumi akikata huku anaguna bei ya rimu.
Mkuu wa shule alisaini tena,
akauliza kwa nini ameteremshwa.
Yule mama alikiegemeza cheti kwenye friji la soda,
akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, hadi kibarazani,
hadi mvua ikamshika bega,
akasoma majina yote matatu kwa sauti.

Vile vya kwanza sikuvichoma.
Nyuma ni vyeupe, karatasi nzito,
naviandikia madeni ya duka.
Leo, mgongoni mwa kimojawapo:
Mwalimu Mwaipape, fotokopi sitini, bado.